Bunduki ya nne: CZ, ya leva, au thrii-o-thrii ya wazee wa Keya? Naombeni mawazo

#1 Mwanzisha uzi, Texas

Wakuu habari za wikiendi. Najua nyuzi za bunduki huwa zinakwenda mrama mapema, kwa hiyo niseme kabisa hapa sizungumzii siasa za Marekani wala mambo ya majambazi, nazungumzia shabaha. Ule mchezo wa kuamka Jumamosi alfajiri na karatasi zako na risasi zako, unarudi mchana bega linauma lakini kichwa kimetulia kuliko mtu aliyetoka kulala. Niko Texas mwaka wa nane, nina grini kadi, nina bunduki tatu, na nimejichanga dola 900 kwa ajili ya ya nne. Nimekwama hapo miezi miwili sasa.

Nilizonazo ni Ruger 10/22, ile ya .22 yenye magazini ya kuzunguka ya risasi 10 ambayo wameanza kuitengeneza tangu 1964, halafu bastola ya Glock 19, halafu Mossberg 500 ya marisau. Kila moja niliinunua nikiwa najua naenda kufanya nayo nini. Ya nne ndiyo ngumu kwa sababu siihitaji, naitaka tu, na ukishafika kwenye kutaka basi kila kitu dukani kinakuita.

Niwaambie na kosa nililowahi kufanya ili msije mkanishauri nilirudie. Miaka minne iliyopita nilinunua Mosin-Nagant, bunduki ya Mrusi, muundo wa 1891, duka moja hivi mjini. Ilikuwa imepakwa grisi nene ya ghalani, ile ya kahawia inayong'ang'ania kama ulimbo, muuzaji akaniambia ndani iko safi, mimi kwa furaha sikuomba hata kitambaa nifute nichungulie. Nimefika nyumbani nimeosha, naangalia ndani ya mtutu kwenye taa nakuta vishimo vya kutu kuanzia katikati mpaka mdomoni. Na mimi nikaongezea langu, nikapiga risasi za zamani za ghala la jeshi bila kujua kwamba fataki zake zinaacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi inavuta unyevu, na mafuta ya kawaida hayaitoi hiyo chumvi, inatoka kwa maji ya moto. Baada ya wiki mbili ndani kumekuwa chungwa. Niliiuza kwa hasara na sikuizungumzia kwa mtu.

Sasa ninazofikiria ni hizi.

CZ 457, ya .22, ya bolti, yaani kila risasi unaipakia kwa mkono kwa kuvuta na kusukuma kishikio cha bolti, inatoka Czech. Watu wa shabaha wanaisifia kwa usahihi wake, na risasi za .22 pakiti ya 500 naipata kwa dola 35 hivi.

Ya leva, yaani unapakia kwa kushusha na kupandisha wenzo ulio chini karibu na triga, Marlin 336 ya .30-30, iliyotumika. Mpya zinazotoka sasa baada ya Ruger kuichukua Marlin 2020 ni nzuri lakini zimepita mfuko wangu.

Lee-Enfield No. 4, ya .303, ndiyo hiyo thrii-o-thrii. Hii naomba niielezee kidogo.

Babu yangu mzaa baba alikuwa Keya. Kwa vijana wasiojua, Keya ni K.A.R., jeshi la Mwingereza la huku kwetu, na kwenye vita vya pili walipelekwa Burma, wazee wenyewe wakisema Bama. Kulikuwa na mabatalioni ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, wote kwenye divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, na mwaka 1944 walishuka bonde la Kabaw kwenye mvua za masika ya kule, matope, malaria, magari hayapiti. Babu alirudi Songea, akalima tumbaku, vita hakuwa anaielezea kabisa. Kitu kimoja tu. Jioni akiwa amekaa kwenye kigoda akipata ulanzi kidogo alikuwa anachukua fimbo yake, anaweka mwisho wake begani, shavu juu ya fimbo, halafu mkono wa kulia unafanya juu, nyuma, mbele, chini. Juu, nyuma, mbele, chini. Haraka kuliko mnavyosoma hapa. Na shavu halitoki kwenye fimbo. Sisi watoto tulikuwa tunacheka kwa sababu kidole alichokuwa anavutia hicho kifyatuo chake cha hewani kilikuwa kidole cha kati, si cha shahada, tukawa tunamwambia babu umekosea kidole. Alikuwa hajibu, anaanza tena upya.

Kwa hiyo mnaona tatizo langu. Akili inasema CZ, roho inasema Enfield, na Marlin nayo iko pale inapendeza tu. Nawasilisha.

#2 Mdau, Columbus Ohio

Mkuu mimi nakupa hesabu. Usihesabu bunduki, hesabu risasi. .303 leo hii pakiti ya 20 kuipata chini ya dola 25 ujue una bahati, nyingi ni za kampuni ya PPU ya Serbia. Ukienda renji, uwanja wa shabaha, ukapiga 60 tu umeshaacha zaidi ya dola 75. Kwa hiyo hela na .22 unapiga 1000. Mtu anajifunza kwa kupiga, hajifunzi kwa kuimiliki. Mimi nina bunduki saba kwenye sefu na ninayoitoa kila wiki ni ya .22 ya bolti, hizo nyingine nazifuta vumbi.

Na kitu kingine, 10/22 yako inajipakia yenyewe, ukikosa unapiga nyingine bila kufikiri. Ya bolti inakulazimisha utulie, unapumua, unavuta, unaangalia ilipokwenda, ndiyo unapakia. Yadi 50, karatasi ndogo, ukiweza kuweka risasi tano kwenye tundu linalofunikwa na sarafu ya senti 10 ndiyo uje tuongee mambo ya vita vya pili.

#3 Mdau, Minnesota

Sema boss. Mimi ni Mkenya niko huku kwa baridi, na kura yangu ni ya leva. Watu wanaona ni bunduki ya kauboi tu lakini .30-30 ipo tangu 1895 na mpaka leo ukienda msituni Novemba wakati wa kulungu utakuta wazee wa huku wamebeba hiyo hiyo. Ni nyepesi, ni fupi, inapita kwa vichaka. Marlin iko na kitu moja mzuri, ganda linatokea kando si juu, so ukitaka kufunga darubini unafunga bila shida, Winchester 94 za zamani zinarusha ganda juu moja kwa moja, hapo darubini inakuwa stori. Bora uangalie ile imetengenezwa kitambo. Kuna miaka kabla Ruger hajachukua ile kampuni kazi ilikuwa imeharibika, mbao haishikani na chuma, leva inakwaruza. Ivute mara ishirini hapo dukani, ikikwama hata mara moja achana nayo.

#4 Mdau, Phoenix Arizona

Assalaam aleikum. Mie ni mama wa watoto watatu, asili yangu Mombasa, na nitasema ambalo hakuna aliyelisema. Usinunue. Ushasema una Mossberg 500, je ushaipeleka kwenye visahani, vile vinavyorushwa hewani uvipige, mara ngapi? Mie nilianza kwenda trap, ndiyo mchezo wenyewe wa visahani, na mume wangu mwaka wa juzi, nikawa naogopa, bega langu likawa jeusi kwa sababu kitako cha ile bunduki kilikuwa kirefu kwangu na hakuna aliyeniambia, kila mtu ananambia kaza mkono. Mwalimu mmoja mzee akaja akanipima, mkono kutoka kwenye kiwiko mpaka kidoleni, akakata kitako inchi moja, basi. Mzunguko wangu wa kwanza baada ya pale nilivunja 17 kwa 25. Kile kisahani kikivunjika hewani kikawa moshi, wallahi hakuna karatasi itakayokupa ile raha.

Hizo dola 900 ni pakiti za marisau za miezi na miezi na ada ya mwalimu juu. Fikiria ndugu yangu.

#5 Mwanzisha uzi

Asanteni sana wote. Dada wa Phoenix umenigusa kweli kweli, Mossberg nimeipeleka visahani mara tatu tu tangu niinunue na mara zote nilivunja chini ya kumi, na sijawahi kufikiria habari ya urefu wa kitako. Hilo nalifanyia kazi iwe isiwe.

Mkuu wa Columbus hesabu yako sina jibu lake, ni kweli tupu.

Kuna mtu kaniuliza inbox kwa nini sichukui M1 Garand, ya .30-06, zile zinazouzwa na CMP, shirika la Marekani la kuendeleza shabaha kwa raia, kwa bei ya haki, zina historia na hazina ubabaishaji wa madukani. Mkuu, CMP kwa sheria inamuuzia raia wa Marekani tu. Grini kadi haitoshi. Duka la kawaida linaniuzia kwa sababu mkazi wa kudumu anaruhusiwa, najaza fomu 4473, ile ya serikali ya kununulia silaha, naandika namba yangu ya uhamiaji, wanapiga NICS, mfumo wa FBI wa kukagua rekodi ya mnunuzi, jibu likija nachukua. Garand kwa CMP inasubiri kiapo cha uraia.

#6 Mdau, Dar es Salaam

Nyie watu mnaishi dunia nyingine aisee, huku kumiliki hata moja ni safari, mkichoka nazo si mniwekee moja kwenye kontena la magari? Kuna jamaa namjua kasema inawezekana.

#7 Mdau, Columbus Ohio

Mkuu wa Dar hilo hata kwa maneno usilirudie, na huyo jamaa asikuingize. Kutoa silaha Marekani kunataka kibali cha serikali ya huku, kuiingiza Tanzania kunataka kibali cha huko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Kuiweka kimya kimya kwenye kontena ni jela pande zote mbili za bahari.

Na kwa kuwa tumefika hapa niseme kwa wadogo zetu wanaosoma huku. Ukiwa na viza ya uanafunzi au ya matembezi, sheria ya shirikisho kwa kawaida haikuruhusu kumiliki bunduki wala risasi. Kuna mianya michache, mmoja ni leseni halali ya uwindaji ya jimbo, lakini usiende na maneno ya uzi, kamuone mwanasheria wa uhamiaji. Na wewe mwenye grini kadi usije ukamnunulia rafiki yako ambaye haruhusiwi halafu kwenye fomu ukajaza kwamba ni yako. Hilo ni kosa la jinai, na kosa la silaha linaweza kukurudisha nyumbani hata kama umekaa miaka ishirini. Nimeona familia ikipasuka kwa jambo hilo, watoto wamebaki huku baba yuko huko.

#8 Mdau, Iringa

Wanangu, mimi ni mzee mstaafu wa wanyamapori, mjukuu ndiye ananisomea na kunichapia. Hiyo thrii-o-thrii nimeibeba porini miaka mingi. Nataka kumwambia huyu kijana wa Texas mambo machache.

La kwanza, Enfield haichoki, anayechoka ni mdomo wa mtutu. Watu walikuwa wanaisafisha kwa kuvuta kamba upande mmoja tu siku zote, kamba inakula mdomo unakuwa yai. Mtutu ukiwa na mdomo wa yai hupigi kitu. Uchukue risasi isiyo na baruti wala fataki, uiingize kichwa kwanza pale mdomoni wakati bunduki haina kitu, uone inaingia mpaka wapi na kama inacheza.

La pili, angalia namba. Namba ya kwenye bolti na namba ya mwilini ziwe moja. Sisi tulikuwa tunafungua bunduki kumi kwa siku moja mezani, vijana wanachanganya bolti, na bolti ya bunduki nyingine si ya bunduki yako. Kile kichwa cha bolti cha mbele kina namba ndogo, sifuri, moja, mbili, tatu, kwa ajili ya kurekebisha nafasi ya ganda. Umpe fundi apime kabla hujapiga hata moja.

La tatu ni la nyumbani. Niliwahi kurudi doria usiku nimechoka, nimeegemeza bunduki ukutani, asubuhi nakuta mtoto wangu wa miaka mitano ameikalia kama farasi. Ilikuwa na risasi kumi. Haikutokea kitu, lakini mpaka leo nikiikumbuka mikono inatetemeka. Tangu siku ile nilikuwa natoa risasi nje ya boma, kabla ya kuona moto wa jikoni.

Na babu yako alikuwa hajakosea kidole.

#9 Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma hii nikiwa kazini nimetoka nje nimesimama kwenye parkingi kidogo. Asante sana mzee na mjukuu wako pia asante. Nyumbani nina watoto wawili, sefu imefungwa kwa boliti sakafuni na risasi ziko kabati lingine lenye ufunguo wake. Huku Texas nako ni kosa kabisa mtoto wa chini ya miaka 17 akiifikia bunduki yenye risasi kwa uzembe wako, lakini hata kusingekuwa na sheria, baada ya hiyo hadithi ya farasi nimekwenda kukagua tena usiku huo huo.

Mzee, hiyo ya kidole naomba unieleze.

#10 Mdau, Iringa

Sielezi, utaiona. Nunua kwanza.

#11 Mwanzisha uzi (wiki tano baadaye)

Wakuu samahani kwa kupotea. Mrejesho.

Nilizunguka maonyesho mawili ya silaha na maduka manne. Lee-Enfield ya kwanza niliyoshika ilikuwa nzuri kwa macho, mbao imepigwa vanishi inang'aa kama meza ya sebuleni, nikaomba kuchungulia mtutu, muuzaji akasema haina haja. Nikaiweka chini nikaondoka. Ya pili bolti namba tofauti. Ya tatu mdomo ulikuwa yai, kama mzee alivyosema, risasi ya kupimia ilizama mpaka nikaogopa haitatoka.

Ya nne ilikuwa kwa mzee mmoja wa Kimarekani anauza vitu vyake ili ahamie karibu na binti yake. No. 4 Mk I*, ubavuni imechongwa U.S. PROPERTY, ambayo kwa wasiojua maana yake ni zile zilizotengenezwa na Savage kule Chicopee Falls, Massachusetts, Marekani akampa Mwingereza wakati wa vita. Mbao imechubuka, ina alama ya kuungua karibu na kitako kama mtu aliegemeza kwenye bomba la moshi la gari. Nilichungulia mtutu kwa taa, mifereji ya ndani ilikuwa miwili tu badala ya mitano, nikashtuka nikadhani imesagika. Yule mzee akanicheka kwa upole, akaniambia wakati wa vita walipunguza kazi, mtutu wa mifereji miwili ulikuwa wa haraka kuutengeneza na unapiga sawasawa. Namba za bolti zinalingana, kichwa cha bolti namba 1. Dola 620. Tulifanyia makabidhiano kwenye duka lenye leseni, nikajaza 4473 ingawa kwa Texas watu binafsi si lazima, mimi na grini kadi yangu sitaki karatasi yoyote ikosekane. Fundi akapima nafasi ya ganda kwa dola 40, iko sawa.

Jumamosi iliyopita ndiyo nimeipeleka. Risasi 40 tu, nimesikia hesabu ya Columbus. Yadi 100, saiti ya nyuma ni ile ya kukunja yenye matundu mawili, moja la yadi 300 jingine 600, kwa hiyo kwa yadi 100 inapiga juu, unalenga chini ya karatasi. Kumi za kwanza zilitawanyika upana wa sahani ya chai. Kumi za pili, nikiwa nimeegemea mfuko wa mchanga na nimetulia, nane ziliingia kwenye eneo la kiganja. Teke lake halichomi, linasukuma, kama mtu anakupisha mlangoni.

Sasa kidole. Nilikuwa napakia kama ninavyopakia bunduki yoyote ya bolti, naachia kitako, nashika kishikio, naendesha, narudisha mkono, naweka shahada kwenye triga. Polepole. Shavu linatoka kila mara. Nikapumzika, nikaondoa risasi zote, nikaweka maganda matupu, msimamizi wa renji akanikubalia nifanye mazoezi makavu pale pale mwisho wa mstari. Nikajaribu kuikumbuka ile fimbo. Gumba na shahada vikashika kile kifundo cha bolti, juu, nyuma, mbele, chini, na nilipofika chini vidole bado vimekishika kifundo, na kidole cha kati kikawa tayari kimelala juu ya triga chenyewe. Hakuna kingine cha kufanya. Hujaachia bolti, hujarudisha mkono, shavu liko pale pale kwenye mbao. Bolti yake iko juu kabisa ya triga na mwendo wake ni mfupi, ndiyo maana inawezekana, kwenye Mosin ingekuwa mateso.

Nilifanya hivyo mara kama hamsini bila risasi. Jamaa wa meza ya pembeni akasimamisha kazi yake akaniuliza nimefundishwa na nani, jeshi gani. Nikamwambia babu, na fimbo, Songea.

Mzee wa Iringa, nimeiona.

Dada wa Phoenix, zile dola 240 zilizobaki nimelipia masomo manne ya visahani na kitako cha Mossberg kimepimwa, kilikuwa kirefu robo tatu ya inchi. Mkuu wa Columbus, CZ iko kwenye orodha ya mwakani, na .303 nimejiwekea risasi 40 kwa mwezi zisizidi. Maganda yote 40 nimeyaokota, kama kuna mtu humu anajaza upya risasi za .303 nyumbani naomba aniambie anatumia mashine gani na ganda moja analirudia mara ngapi kabla halijapasuka shingo.